Mkia wa Buluu na Kimya cha Miaka Tisa

Bairbre Mannion,
Nyumba ya Kilimani,
Trá Liath, Connemara.
Jumatatu, 18 Agosti.

Kwa Bwana Fintan Coyne,
Katibu, Kamati ya Maonyesho ya Farasi Wadogo,
Trá Liath.

Ndugu Katibu,

YAH: KUHARIBIWA KWA KIMYA CHANGU NA MAONYESHO YENU YA JUMAMOSI

Sikuulizi hali, kwa kuwa nilikuona jana baada ya misa ukila aiskrimu mvuani, na mgonjwa hafanyi hivyo. Mimi nami ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo nitalifikia kwenye lalamiko la tano. Nakuandikia kwa heshima zote na kwa wino, ujue kwamba sina nia ya kufuta hata neno moja.

Unafahamu kwamba katika nyumba hii tunaishi wawili, mimi na mdogo wangu Nansi. Mimi nina miaka sitini na tisa, yeye sitini na sita. Unafahamu pia, kama anavyofahamu kila mwenye masikio hapa Trá Liath, kwamba kwa miaka tisa mimi na Nansi hatukuwa tukisemeshana. Ilianza siku ya mazishi ya mama. Nyumba imejaa watu, mimi nazunguka na sahani ya mkate wangu wa magadi, Nansi akachukua kipande, akatafuna, akasema mbele ya padri na mbele ya binamu zetu wawili waliotoka Boston, "Huu ni mkate wa dukani."

Nikamwambia, "Nimeuoka kwa mikono yangu hii."

Akasema, "Basi mikono yako siku hizi inabandikwa bei."

Hapo ndipo maneno yalipokatika. Na naomba uelewe, Ndugu Katibu, kwamba kimya chetu hakikuwa cha ovyo. Kilikuwa na utaratibu. Tulikuwa na birika mbili, bakuli mbili za siagi, kiti changu kulia kwa moto na chake kushoto. Jambo likilazimu, lilisubiri saa nne na nusu, anapofika Tarlach wa posta. Tarlach aliketi katikati, nami nikasema, "Tarlach, mwambie huyo bomba linavuja." Tarlach akageuza shingo, "Nansi, bomba linavuja." Nansi, ambaye ningeweza kumgusa kwa mwiko, akajibu, "Mwambie nimesikia, ila si kutoka kwake." Tarlach akapewa vikombe viwili vya chai na vipande viwili vya keki, akaenda zake. Zipo serikali zinazoendeshwa vibaya kuliko hivyo.

Wakati wa Pasaka Nansi akapata chumba mjini, kwenye nyumba za wazee, aingie tarehe mosi Septemba. Kilichobaki kutuunganisha kilikuwa farasi jike mzee ambaye mama alituachia sote wawili, na mtoto wake wa kike, ambaye mwaka huu ametimiza mwaka mmoja. Tukakubaliana kupitia kwa Tarlach: farasi mzee atabaki kwangu, huyu mdogo ataonyeshwa Agosti, atauzwa kwa atakayempenda, kisha Nansi aende kwake na mimi nibaki kwangu, na kila mtu azeeke kwa nafasi. Mpango ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Hapo ndipo kamati yako ilipoingia. Malalamiko yangu ni haya.

1. Fomu. Fomu yenu inataka jina moja la farasi. Sisi tulikuwa na mawili. Mimi namwita Síle. Nansi anamwita Dílis. Mnyama mwenyewe aliitika yote mawili, kwa sababu alijua vizuri nyuma ya kila jina kuna karoti. Tarlach akakaa na fomu ile siku nne, akitoka kwenye kiti changu kwenda kwenye chake, mpaka akachoka akaandika mwenyewe "Síle Dílis", akatia sahihi kwa niaba ya wote na kusema, "Mimi ni mtu wa posta, si Umoja wa Mataifa." Kwa namna hiyo maneno yangu na maneno ya Nansi yakalala mstari mmoja bila ridhaa ya yeyote.

2. Kijitabu. Mlituma kijitabu cha kurasa nane kinachoeleza jinsi ya kumwandaa farasi mchanga kwa maonyesho ya kuongozwa kwa mkono. Azoeshwe hatamu. Afundishwe kutembea begani kwako bila kukuvuta wala kuvutwa. Ajue kusimama huku miguu minne ikionekana, ajue mchakamchaka, akubali mtu asiyemjua kumfungua mdomo na kumnyanyua kwato. Vyema. Lakini hakuna ukurasa unaosema afundishwe na mtu mmoja!

Tuligawana siku. Mimi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nansi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili mnyama alipumzika kama Mkristo. Mimi nilimfundisha kwamba mluzi mmoja maana yake simama. Nansi, bila kumuuliza mtu, akamfundisha kwamba mluzi mmoja maana yake nenda. Kufikia mwezi wa sita ukipiga mluzi miguu ya mbele ilikwenda na ya nyuma ilikataa, na katikati mgongo ukabaki unashangaa. Tarlach alimtazama siku moja akasema, "Mabibi, huyu anasubiri uchaguzi urudiwe."

Baya zaidi, Jumatano moja Nansi akaja kuegemea ukuta wa mawe wakati wa zamu yangu. Hakunisemesha, heshima hiyo alikuwa nayo. Alimsemesha farasi.

"Dílis, mwanangu, pole. Kuna watu wanashika kamba kama wanavuta ndoo kisimani."

Sikuweza kumwacha mtoto wa watu bila jibu. Nikamwambia, "Síle, usisikilize maneno ya ukutani. Ukuta haukulelewa."

"Dílis, hebu mwulize kama ameshawahi kukunyanyua kwato bila kuanguka."

"Síle, mjibu kwamba sikuanguka. Niliketi."

"Dílis, mwambie nyasi alizokalia mpaka leo hazijainuka."

Ndugu Katibu, tulikaa pale saa nzima. Mambo ya miaka mitatu tuliyamaliza, tukaingia ya mwaka wa nne. Farasi akageuza masikio, moja huku, moja kule, kama karani wa mahakama. Hakuna aliyemsemesha mwenzake, dhamiri yangu iko safi. Lakini nilipoingia ndani kupika viazi nilijikuta naimba, na mimi si mtu wa kuimba. Kijitabu chenu hakitoi onyo lolote juu ya hatari hii.

3. Kipaza sauti. Ukurasa wa tano unasema farasi azoeshwe sauti za kipaza sauti, asije akashtuka uwanjani. Hapa kwetu chombo pekee chenye kelele za kutosha ni redio, na saa nne na robo redio husoma matangazo ya vifo. Nikaiweka juu ya ukuta, nikaifungulia mpaka mwisho.

Sasa, wewe umelelewa kama sisi. Vifo vikisomwa hutembei. Unasimama, unainamisha kichwa, unasikiliza mpaka mwisho, maana huenda ni mtu wako. Nami nikasimama. Síle akaona nimesimama, akasimama. Baada ya wiki akawa anainamisha kichwa mwenyewe kabla hata jina la kwanza halijatajwa. Na kwa kuwa redio ni moja na haikuwahi kugawanywa, Nansi naye akalazimika kutoka nje kuja kusikiliza.

Basi mwezi wa saba wote, kila asubuhi, tulisimama watatu kwenye manyunyu, vichwa chini, farasi katikati. Siku moja wakamtaja yule mama aliyetushonea magauni ya komunyo ya kwanza. Nansi akasema, "Maskini." Nami nikasema, "Maskini." Sote tuliiambia redio. Lakini naomba kamati izingatie kwamba tuliiambia kwa wakati mmoja.

4. Buluu. Hapa ndipo hasara kubwa ilipotokea.

Síle ni wa kijivu, ila mkia wake ni mweupe kama maziwa siku ambazo hajalala kwenye kinamasi. Kijitabu kinataka farasi wa kwetu aje kama Mungu alivyomuumba, asisukwe wala kunyolewa, lakini awe safi. Mama alikuwa na njia yake: maji ya mwisho ya kusuuza mkia, unatia buluu ya kufulia kidogo tu, weupe unang'aa. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, nikaingia zizini na ndoo, nikausuuza mkia kwa buluu, nikarudi ndani kubadili nguo na kunywa chai kwenye birika yangu.

Nansi naye hakuhitaji kuambiwa na mtu. Saa kumi na mbili kasoro akaingia kwa mlango wa nyuma na ndoo yake na buluu yake.

Kulipopambazuka tukamtoa nje. Ndugu Katibu, unalijua joho la Bikira Maria pale kanisani, upande wa kushoto wa altare? Basi ni rangi hiyo. Mkia mzima, kuanzia shina hadi ncha. Farasi mwenyewe aligeuka akauona, akapiga hatua mbili kuukwepa.

Mimi niko mlango huu, Nansi yuko mlango ule, mdomo wazi. Ilikuwa alfajiri, Tarlach hayupo, mkalimani hakuna. Na hapo mdogo wangu, kwa sauti yake ileile ya utotoni alipokuwa akivunja kitu, akasema:

"Dada, umetia buluu?"

Nikamjibu. Nitafanyaje? "Nimetia. Na wewe umetia?"

"Nimetia."

Miaka tisa, Ndugu Katibu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazito ya kusema siku hiyo ikifika, maneno yenye Maandiko ndani yake. Yakaishia kwenye mambo ya kufulia. Na Nansi akaanza kucheka, anashika kizingiti, anasema, "Mama angetuua, Dada, mama angetuua wote wawili," na mimi nikajitahidi kukasirika, shahidi wangu ni Mungu, nikajitahidi mpaka machozi yakanitoka. Tukausuuza mkia ule kwa maji saba, mmoja ameshika ndoo, mwingine anakamua. Ukafifia mpaka rangi ya mbingu siku ya jua, na ndivyo ulivyokuja kwenu.

5. Uwanjani. Kanuni yenu namba tatu inasema mtu mmoja tu ataingia na farasi. Niliingia mimi kwa sababu ndimi mkubwa, na ndimi mwenye koti jeupe la maonyesho. Kila kitu kilikwenda sawasawa. Síle alitembea begani kwangu kama msichana anayepelekwa kanisani. Watu walianza kunong'ona kuhusu mkia, lakini kwa upole.

Ndipo kipaza sauti kikakohoa, nawe ukaanza kusoma majina. Nami nakuambia kwa heshima, Ndugu Katibu, sauti yako ni ya msiba. Uliposema, "Namba kumi na nne, Síle Dílis, wa akina Mannion wa Trá Liath," mtoto akasimama wima, miguu minne kama meza, akainamisha kichwa.

Jaji wenu, Bibi Hanratty, yule mwenye buti na kofia ya manyoya ya kware, akamzunguka mara mbili. "Anasimama vizuri mno," akasema. "Haya, akimbie."

Síle hakutikisika. Nawe unaendelea kusoma.

"Akimbie, mama."

"Atakimbia," nikamweleza. "Anawasubiri marehemu waishe."

"Marehemu gani?"

Kabla sijamjibu nikasikia mluzi kutoka nje ya kamba. Nansi. Sasa mnyama ana vifo masikioni, mluzi wa kwenda wa Jumanne, na mluzi wa kusimama wa Jumatano. Akatetemeka ngozi yote. Nilimwonea huruma. Jaji akashusha kalamu kwenye karatasi yake, nami nikajua anaandika nini. Nikamtazama Nansi. Sikumwomba kitu, nieleweke. Nilimtazama tu.

Akainama akapita chini ya kamba. Na kofia yake ya kanisani, na koti la mvua, na miaka yake sitini na sita, akatupita mbio huku ameshikilia kofia kwa mikono miwili. "Dílis! Dílis, mwanangu, twende!"

Mtoto akakumbuka ana miguu. Mchakamchaka ule sijauona tangu enzi za babu: shingo juu, magoti juu, mkia wa buluu ukipepea nyuma kama bendera ya nchi isiyojulikana. Mimi niliyeshika kamba sikuwa nakimbia, nilikuwa napelekwa. Nansi akageuka akapiga kelele, "Dada, usiachie!"

"Siachii! Punguza mwendo, kichaa wewe!"

"Siwezi! Ananifuata!"

Tukazunguka mara mbili. Bendi ya akodioni ikaanza kupiga bila kuagizwa. Wewe ukatangaza, "Tafadhali watazamaji wasiingie uwanjani," na watu mia tatu wakageuka kukuzomea. Mzunguko wa pili ndipo goti langu lilipotoa sauti. Lakini nataka iandikwe kwenye kumbukumbu: sikuachia.

6. Matokeo. Tumepewa nafasi ya sita kati ya saba. Wa saba alikuwa ameila kofia ya jaji. Bibi Hanratty, akiwa kichwa wazi na anajifuta macho, akaniambia, "Farasi ni mzuri, mama. Umbo, mifupa, mwendo, vyote anavyo. Mkia sina la kusema. Lakini kanuni inataka mtu mmoja."

Nikamuuliza, "Kwani wewe umeona watu wangapi?"

"Wawili."

Nansi, ambaye alikuwa bado anatafuta pumzi, akamwambia, "Umehesabu vibaya, mama. Sisi hatusemeshani."

7. Njiani kurudi. Gari ni la Nansi. Kwa miaka tisa nimepanda basi, na basi lina faida zake. Jumamosi nililazimika kuketi mbele, karibu naye, kwa sababu goti halikuweza kupanda basi na kwa sababu lazima mmoja ageuke kulitazama tela la farasi. Mvua ilikuwa inanyesha. Nansi akafungua karatasi ya mikate ya nyama ya nguruwe, akanikatia nusu bila kuniuliza. Nikaishika. Nikajikuta nasema:

"Ulikuwa wa dukani."

"Najua," akasema. "Niliona mfuko wake jikoni, nyuma ya makaa."

"Nilioka mara tatu asubuhi ile. Yote ikaungua."

Nansi akapunguza mwendo wa gari.

"Mama ndiye aliyekuwa akiniambia lini niutoe," nikasema. "Hata alipokuwa kitandani. Aliusikia kwa harufu, akaniita, 'Bairbre, sasa.' Siku ile nilikaa mbele ya jiko nasubiri aniite."

Nansi akasimamisha gari katikati ya barabara. Nyuma yetu trekta likapiga honi, kisha likaacha, maana dereva alituona. Tulikaa hapo mpaka vioo vikajaa mvuke. Baadaye sana akasema, "Ungeniambia, Dada."

"Kupitia kwa nani? Tarlach tulikuwa bado hatujampa kazi."

Basi akacheka na kulia, vyote pamoja. Jambo hili, Ndugu Katibu, nilikuwa nimelihifadhi vizuri kwa miaka tisa bila kulimwaga hata tone. Maonyesho yenu yamelitoa kwa nusu kipande cha mkate. Nani atanilipa?

8. Hali ya sasa. Nansi anaongea.

Anaongea tangu Jumamosi jioni. Ameanzia mwaka ule wa mazishi na anakuja kwa mfuatano, mwezi kwa mwezi, na bado hatujafika mwaka wa tatu. Ananisimulia mambo ambayo nilikuwepo. Ananieleza alichokuwa akifikiri kila mara nilipofunga mlango kwa nguvu, na mimi ni mtu niliyefunga milango mingi. Pazia za sebuleni hazipendi, hajawahi kuzipenda. Leo asubuhi amepiga simu mjini kuwaambia kile chumba wampe mwingine, kwa kuwa dirisha lake linatazama maegesho ya magari na yeye hawezi kuamka kutazama kitu kisichokula nyasi. Na mimi nilikuwa nimeshapima chumba chake! Cherehani yangu ilikuwa ikae pale penye mwanga.

Saa nne na nusu Tarlach akaja, akaketi katikati kama kawaida, akapiga magoti yake kwa viganja. "Haya mabibi. Nimwambie nani nini?"

"Hakuna," Nansi akasema. "Tumeshaambiana."

Ungemwona uso, Ndugu Katibu. Kama mtu aliyerudi kutoka safari akakuta daraja limejengwa, hali yeye ndiye mwenye mtumbwi. Alipewa kikombe kimoja cha chai, kwa sababu siku hizi tunachemsha birika moja. Alikinywa polepole. Huyo naye ni mhanga wenu.

Kwa hayo yote, naomba kamati itekeleze yafuatayo bila kuchelewa:

(a) Inirudishie kimya changu. Kama chote hakiwezekani, basi nusu, na nusu hiyo iwe ya asubuhi.

(b) Iongeze ukurasa wa tisa kwenye kijitabu, kuwaonya wenye ndugu.

(c) Bibi Hanratty aandike barua ya kuliondoa neno "wawili".

(d) Nafasi ya sita ifutwe. Ama tuwe wa kwanza, ama tufukuzwe kabisa, lakini tusiwekwe mahali ambapo watu wanatupa pole.

(e) Matangazo ya vifo yasomwe kabla ya kila shindano, kwa kuwa farasi wangu ameandaliwa kwa hayo na si haki kumwonea.

(f) Hili ndilo kubwa. Yule bwana wa kutoka Cork mwenye gari la kijani, aliyekuuliza kwetu ni wapi baada ya kumwona Síle akimfuata Nansi mbio, naomba umhimize aje upesi. Sisi tulikubaliana kuuza. Farasi huyu ndiye chanzo cha yote. Akishaondoka, buluu zitaondoka, ukuta utanyamaza, redio itarudi ndani, na mimi na Nansi tutarudia maisha yetu ya kistaarabu. Nipo nyumbani kila siku, saa zote, na mlango uko wazi kwa ajili yake.

Nisalimie mama watoto, na mama yako mzazi, na wanakamati wote kwa vyeo vyao. Nisalimie bendi ya akodioni, ambayo sina ugomvi nayo. Bibi Hanratty mpe pole ya kofia. Nami nabaki, kwa heshima iliyojeruhiwa lakini haijafa,

Wako katika madai,

Bairbre Mannion (Bibi)

Nyongeza: Nilikuwa natafuta stempu, gari la kijani likaingia uani. Nansi alikuwa ananisimulia Krismasi ya mwaka wa pili. Akatazama dirishani, nikatazama dirishani, na sijui nani kati yetu alianza, lakini nilipotanabahi tulikuwa sote sakafuni chini ya dirisha, mimi na goti langu hili.

Yule bwana akabisha hodi. "Kuna mtu?"

"Hakuna!" Nansi akapiga kelele.

Ikabidi nirekebishe. "Wametoka wote wawili!"

Akabisha tena. "Nimekuja kumwona yule mtamba wa kijivu. Nitamlea vizuri."

"Ameshauzwa!" nikamwambia.

"Kauzwa kwa nani?"

"Kwa wazee wawili wa hapahapa," Nansi akasema. "Watu wazuri sana, ila hawapendi wageni."

Síle akalia huko nyuma ya nyumba, sauti yake yote, kama anayethibitisha. Yule bwana akakaa pale mlangoni muda mrefu, kisha tukasikia geti likifungwa taratibu, na gari likaondoka.

Kwa hiyo kipengele (f) kifutwe. Ukipenda futa na vingine vyote, mimi siwezi, nilishasema kwamba ni wino. Na utanisamehe mwandiko. Karatasi nimeiweka juu ya mgongo wa Nansi, ambaye bado anacheka na hatulii. Tuko sakafuni tangu saa tisa, maana mimi siwezi kumwinua yeye, naye hawezi kuniinua mimi, na Tarlach haji mpaka kesho.